Tangi la Tomasa

Injinia Evelio Rentería wa Puebla, mji usio na bahari, alishuka kwenye teksi akiwa amevaa viatu vyeupe. Vyeupe pepe, jamani, na sisi hapa tulikuwa na shimo la mita nne lililojaa tope, mafundi ishirini na wawili, na mashine ya zege inayotema huku na kule. Nilipoviona tu nikajua kwamba mimi na huyu tutakula sahani moja.

"Karibu Alvarado, Injinia," nikamwambia. "Bahari ni ile pale. Ile ya bluu."

Akageuka, akaitazama kwa muda. "Mbona ya kahawia?"

Mafundi wakaangua kicheko, na waliyekuwa wakimcheka ni mimi. Kweli, siku hiyo mto Papaloapan ulikuwa umemwaga tope lake lote mlangoni mwa bahari, na maji yalifanana na chai ya maziwa.

"Na hayo ndiyo maji mnayotaka kumwogeshea samaki?" akauliza.

"Ndiyo maana tumekuita, mwanangu. Yangekuwa safi ningejaza mwenyewe kwa ndoo."

Nijitambulishe basi, maana yeye nilimwacha abahatishe kwa wiki nzima. Naitwa Obdulia Uscanga. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa msimamizi wa maji katika Nyumba ya Samaki ya chama cha wavuvi. Watalii wanakuja kutazama samaki. Mimi natazama maji. Pampu ni zangu, machujio ni yangu, na simu inayolia wakati kitu kimeziba ni yangu pia. Watu wa Alvarado tunasifika nchi nzima ya Mexico kwa midomo michafu, na sitaki kujisifu, lakini mchango wangu upo.

Na nilikuwa na Tomasa. Tomasa ni chewa. Alinaswa kwenye wavu wa kuvulia kamba akiwa na urefu wa mkono wangu, akaletwa kwetu na jeraha, nikamlisha jodari kipande kwa kipande mpaka akapona. Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Sasa alikuwa na kilo mia na themanini, na bado aliishi kwenye tangi lile lile la upana wa mita tano. Akitaka kugeuka ilimbidi ajikunje kama mtu anayevaa suruali chooni. Kidevu chake kilikuwa na kidonda cha kusugua ukuta. Kila Jumatatu nilipima maji, na kila Jumatatu sumu ya mkojo wake ilikuwa imepanda, hata nikiosha chujio mara tatu kwa siku. Mwezi wa Februari akaanza kukataa chakula. Nilikuwa naketi ukingoni na kipande cha jodari mkononi nikimbembeleza, naye ananitazama tu kwa jicho lake kubwa. Nilimpenda samaki yule, sina haya kusema, na alikuwa anakufa polepole mbele ya macho yangu.

Chama kikakubali kujenga tangi jipya: la duara, upana mita kumi na mbili, kina mita nne, lita laki nne na nusu za maji ya chumvi. Tatizo lilikuwa moja. Tangi kama hilo unamwaga zege mara moja tu, na mabomba yote yawe yameshakaa mahali pake ndani ya nondo. Zege likishakauka, bomba lililopo lipo na lisilopo halipo, mpaka siku ya kiama. Tukikosea njia ya maji, tutakuwa tumemhamisha Tomasa kutoka choo kidogo kwenda choo kikubwa.

Injinia akakunjua mchoro wake juu ya meza. Maji yanaingia upande huu, yanavuka moja kwa moja, yanatokea kwenye matundu ya ukuta wa upande wa pili. Mistari imenyooka, mishale mizuri ya bluu.

"Hapa na hapa patakufa," nikamwambia, nikigonga mchoro kwa kucha mahali pawili.

"Patakufa vipi?"

"Maji yatasimama. Mavi yatalala hapo yaoze. Wewe hujawahi kufagia ua? Ukifagia katikati tu, taka zinabaki pembeni."

"Mama, tangi la duara halina pembe."

"Usinifundishe duara, mimi nimezaa mara nne."

Tukabishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mwisho nikamwambia tujenge tangi dogo tuone. Nikaleta beseni la bluu la kufulia, lile kubwa ambalo watoto wangu waliogea, nikafunga pampu ndogo na mipira ya maji kama mchoro wake unavyosema. Nikarusha oregano iliyokaushwa, kiganja kizima. Majani yakavuka, yakagonga ukuta, na nusu yake yakajikusanya pahali pawili, hapo hapo nilipogonga kwa kucha, yakazunguka yenyewe kwa yenyewe bila kutoka.

Kisha nikageuza mipira yangu. Maji yaingie kwa kulalia ukuta, yote yakielekea upande mmoja, tangi zima lizunguke. Yatokee kwenye matundu manne chini ya ukuta, na mengine yamwagike juu kwenye mfereji wa kukusanya mafuta ya chakula. Oregano ikaanza kuzunguka. Ikazunguka yote, hakuna hata jani moja lililosimama! Mafundi wakapiga makofi. Mimi nikacheza hatua mbili tatu za fandango pale pale juu ya mbao.

Injinia Rentería, lazima niseme, alishindwa kiungwana. Alilitazama beseni, akakuna shingo, akasema, "Sawa, mama. Nachora upya." Akachora upya yote. Ndipo nilipomjua. Mtu yule hakuwa na majivuno, alikuwa na wazimu. Akifika kwenye machujio macho yanamwaka kama mtoto aliyeona gwaride.

"Lita laki tatu kwa saa!" aliniambia siku moja, amesimama juu ya rundo la kokoto, mikono hewani. "Fikiria, mama! Kila saa moja na nusu, tangi zima limepita kwenye chujio! Kwanza mchanga, unakamata mavi. Kisha mnara wa povu, tunapuliza mapovu madogo madogo, ule utelezi wote unapanda juu na povu, tunaumwaga. Kisha mnara wa bakteria. Mamilioni ya bakteria, wanakula sumu ya mkojo, bure, usiku na mchana, hawaombi hata likizo!"

"Tofauti na watu wa Puebla."

"Tofauti na watu wa Puebla," akakubali, akashuka akaenda kupima tena.

Nilianza kumpenda. Sikumwambia, bila shaka. Nilichomwambia kila asubuhi kwa wiki nzima ni, "Hujambo Injinia, oregano inakusalimu."

Siku ya zege ikapangwa tarehe mbili Mei, magari kufika saa sita mchana kutoka bandari ya Veracruz. Haikuwezekana kuchelewa, kwa sababu tarehe tatu ni Msalaba Mtakatifu, sikukuu ya mafundi wa ujenzi, na hakuna fundi wa kwetu atakayeshika mwiko siku hiyo hata umwekee bastola kichwani. Baada ya hapo magari yalikuwa yameahidiwa kwingine mpaka Juni. Na Tomasa alikuwa hajala siku sita.

Fundi mkuu ni Crisóforo Tiburcio, kompadre wangu, baba wa ubatizo wa binti yangu wa mwisho. Ni mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Desturi ni mafundi wachonge msalaba wa mbao, waupambe kwa maua ya karatasi, padri aubariki, na uwekwe kwenye jengo kwa ajili ya sikukuu. Crisóforo alikuwa ameuchonga wake wiki mbili kabla, na padri alishakuja na maji yake. Kwa kuwa tangi ni shimo, aliusimamisha chini kabisa, katikati hasa, umefungwa kwenye nondo, ili zege lishike mguu wake. Ulipendeza, na utepe wake mwekundu na mweupe. Mimi mwenyewe niliusifu.

Basi asubuhi ya tarehe mbili, saa moja, jua limeshachoma. Nondo ziko tayari, mabomba yako tayari, mafundi wanasubiri. Bi Eufrosina, mke wa kompadre, kaja na chungu cha kahawa ya mdalasini na sukari guru. Kahawa ya chungu haichujwi. Unga wote uko humo humo. Akachukua mwiko wa mbao, akaikoroga kwa nguvu raundi tano, akautoa mwiko, kahawa ikaendelea kuzunguka yenyewe. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni na kikombe changu.

"Bi Eufrosina, utanipa mashapo," nikamwambia. "Ndiyo kwanza umekoroga."

"Nachota pembeni, mwenzangu. Mashapo yanakwenda katikati."

"Kwa nini yaende katikati?"

"Mimi najua kwa nini? Siku zote yanakwenda katikati. Koroga, acha, yanajikusanya chini pale katikati kama kuku wanaolala. Wewe hupiki?"

Nikainama kutazama. Kahawa ilipotulia, akajaza kikombe changu na vya wenzangu, akichota juu juu mpaka nikaona chini. Kilima kidogo cheusi, katikati ya chungu. Pembeni, udongo mtupu.

Kikombe kikaniponyoka. Sikuhisi hata kahawa ilivyoniunguza mguu. Oregano inaelea! Nilikuwa nimepima mavi ya samaki kwa kitu kinachoelea! Mavi yanazama, mama yangu, yanazama kama mashapo, na matundu yangu manne yote yalikuwa pembeni, chini ya ukuta, mahali ambapo uchafu hautafika kamwe. Utakwenda katikati, ulale pale, kilo kwa kilo, chini ya tumbo la Tomasa. Na magari ya zege yalikuwa yanakuja baada ya muda wa saa tano tu.

Nilikimbia na kiganja cha mashapo mpaka kwenye beseni langu la bluu, nikawasha pampu, nikayatupa. Yakatawanyika, yakashuka, yakaanza kutambaa. Nilihesabu moja moja hadi tisini. Yote katikati, na punje chache tu kwenye matundu.

Ilinibidi nimwite. Mungu anajua nilitamani ardhi inimeze na beseni langu.

"Injinia! Njoo hapa."

Akaja, amevaa kofia ya kazi, anatafuna mkate. "Ndiyo, mama. Oregano inanisalimu?"

"Nimekosea."

Akaacha kutafuna. "Samahani, sikusikia vizuri."

"Umesikia, mjinga wewe."

"Nimesikia. Nilitaka fundi mkuu naye asikie."

"NIMEKOSEA!" nikapiga kelele hadi mwewe wakaruka kutoka kwenye paa. "Haya, umefurahi? Tazama hapo!"

Alitazama. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa, nilistahili kuchekwa, lakini hakucheka. Alipiga magoti na suruali yake safi, akaweka pua karibu kuyagusa maji, akapiga mluzi mrefu.

"Maji ya chini yanajisugua kwenye sakafu," akasema taratibu. "Yanapoteza mwendo. Ya juu yanakwenda, ya chini yanashindwa kufuata duara, yanateleza kuelekea ndani, na yanabeba kila kilichozama. Mama, hili nilifundishwa chuoni, mwaka wa tatu."

"Na hukulikumbuka?"

"Somo lile nilifeli."

Tukatazamana. Halafu akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Lakini hii si hasara, mama! Hii ni zawadi! Kukusanya uchafu ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na hapa unajikusanya wenyewe, mahali pamoja, bila kulipwa! Tunachotakiwa ni tundu moja. La! Mawili, pamoja, likiziba moja lingine linavuta, na juu yake kifuniko kipana cha matundu madogo madogo, mkia wa Tomasa usinaswe. Katikati! Bomba la inchi kumi, chini ya jamvi la sakafu, mpaka chumba cha pampu!"

"Hatuna bomba refu hivyo."

"Tunalo. Lile la kuvuta maji baharini, limelala nyuma ya ghala. Tutanunua jingine baadaye."

"Zimebaki saa tano, Injinia."

"Saa nne na dakika arobaini," akasema, akaanza kukimbia. Mimi nyuma yake, nikiwaita mafundi wachukue sururu.

Tulipofika chini ya shimo, Crisóforo alikuwa amesimama mbele ya msalaba, mikono kifuani. Nilikuwa nimeusahau. Ulikuwa pale pale tulipotaka kuchimba, si hatua moja kushoto wala kulia.

"Kompadre," nikaanza kwa sauti ya asali.

"Hapana, komadre."

"Hujasikia bado."

"Nimesikia. Umepiga kelele hadi Veracruz wamesikia. Msalaba umebarikiwa. Ukishasimamishwa hauondolewi kabla ya sikukuu yake. Mwaka ule wa ghala la barafu waliuhamisha, na paa likaanguka."

"Paa lilianguka kwa sababu mliiba saruji!"

Uso wake ukabadilika. Lilikuwa neno baya, nami nilijua ni baya kabla halijamaliza kutoka. Mafundi wote ishirini na wawili wakaweka sururu chini. Injinia alinitazama kama mtu anayetazama basi lake linaondoka.

"Babangu ndiye alikuwa fundi mkuu wa ghala lile," Crisóforo akasema.

Nilimfikiria Tomasa na kidevu chake. Machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wanaume. "Nisamehe, kompadre," nikasema. "Nimekosea mara mbili kabla ya saa mbili asubuhi. Babako alikuwa mtu mwaminifu. Mimi naogopa tu, samaki wangu anakufa, na kosa ni langu."

Aliyejibu alikuwa Bi Eufrosina, kutoka juu ukingoni, mwiko wa kahawa mkononi.

"Crisóforo! Tangu lini msalaba ukawekwa shimoni?"

"Tangi halina juu, mwanamke."

"Babako aliusimamisha juu ya mnara wa kanisa, watu wakauona kutoka mtoni. Wewe unaupanda pale samaki watakapoharia!"

Kijana mmoja akakohoa ili asicheke.

"Na lile ni nini?" akaendelea, akinyoosha mwiko kuelekea kreni, ambayo mkono wake ulikuwa juu kuliko mitende yote ya mtaa. "Lile si juu?"

Crisóforo aliitazama kreni. Akavua kofia, akajifuta kipara, akaivaa tena. Akamtazama mkewe, halafu mimi.

"Uhamisho wa msalaba unataka mama wa ubatizo," akasema mwisho. "Atakayeubeba kwa mikono yake, auvishe maua mapya, na alishe watu kesho."

"Mimi," nikasema.

"Kondoo wawili. Na pombe ya torito ya karanga, ile nzito."

"Watatu."

"Na usitukane mpaka zege liishe kumwagwa. Msalaba haupendi."

Hapo mafundi walicheka hasa, maana walijua ni sharti gani hilo. Nilikula kiapo. Nikaufungua msalaba kutoka kwenye nondo, nikaubeba begani, nikapanda nao ngazi peke yangu, maua ya karatasi yananiingia puani. Nilipoweka mguu juu ukingoni, nikasikia nyuma yangu sururu ya kwanza ikigonga chini.

Jamani, mngeona saa nne zile! Injinia Rentería alikuwa wa kwanza kuruka mtaroni na viatu vyake vyeupe, anakata nondo, anapiga kelele za vipimo. Vijana sita wakaja wamebeba bomba refu begani wakiimba. Crisóforo akavuta uzi kutoka ukutani hadi katikati, akaupima kwa pima maji, akaushusha kidole kimoja, akasema sakafu yote itainama kuelekea kwenye tundu kama sahani ya supu. Wala hakuna aliyemwambia. Injinia alipomwona, alimkumbatia na tope lake lote. Mimi nilipaka gundi kwenye viungo vya mabomba, nikajigonga kidole gumba kwa nyundo, nikafungua mdomo. Mafundi wote wakageuka kunitazama.

"Mtakatifu Antonio," nikasema, "na watakatifu wenzake wote."

Wakashangilia.

Saa sita kasorobo gari la kwanza likapiga honi. Bado mita mbili za mtaro zilikuwa wazi. Dereva akapiga tena honi, akatoa kichwa, akasema zege halisubiri, likianza kushika ndani ya pipa atalimwaga barabarani. Bi Eufrosina akampandia mlangoni na sahani ya wali wa samaki wa supu, wali wa rojo kama tunavyoula sisi, na alipomaliza ya kwanza akampa ya pili. Nina hakika mtu yule hakuwahi kula vile maishani mwake. Saa sita na dakika ishirini na tano Crisóforo alifunga waya wa mwisho wa nondo, akanyanyua mkono, na zege likaanza kuteremka.

Tulimwaga mpaka jua lilipokaribia kuzama, gari kumi na mbili. Neno nililolisema zege lilipokwisha siwezi kuliandika hapa, lakini lilikuwa refu na lilisikika ng'ambo ya mto. Kesho yake msalaba ulikuwa juu ya kreni na maua yake mapya, kondoo watatu waliliwa hadi mifupa, na injinia alifundishwa kunywa torito na watu wasiomwonea huruma.

Tangi likajazwa mwezi wa Agosti, polepole, tukivuta maji wakati bahari imejaa tu ili tusinywe tope la mto. Tukawangoja bakteria wazaliane. Nilipima kila siku. Tomasa alikuwa anakula kidogo, kipande leo, kipande kesho kutwa, na nilikuwa namwomba avumilie. Katikati ya Oktoba maji yakawa tayari.

Tulimhamisha kwenye machela ya turubai iliyojaa maji, watu kumi na sita. Pampu nilizizima zote, asishtuke. Wavuvi walikuja, mafundi walikuja na wake zao, injinia alikuja kwa basi kutoka Puebla. Tulilizamisha turubai, tukalikunjua, akateremka chini.

Na akabaki hapo. Akaanza kuogelea kiduara kidogo, mita tano, ajikunja, mita tano, ajikunja, kana kwamba ukuta wa zamani ulikuwa bado upo. Dakika kumi. Nusu saa. Kelele za watu mbele ya dirisha la kioo ukutani mwa tangi zikapungua, zikaisha. Mita saba za maji safi mbele yake, naye hazijui. Nilisimama na kiganja kwenye kioo na moyo ukanivunjika vipande vipande.

"Washa, mama," injinia akasema pembeni yangu.

"Ataogopa."

"Ni samaki wa bahari, na maji hayajamsukuma miaka kumi na moja. Washa."

Nikaenda chumba cha pampu. Nikawasha moja. Nikasikiliza. Nikawasha ya pili. Bomba la inchi kumi likanguruma chini ya miguu yangu. Nikawasha zote, kisha nikasikia mayowe kutoka dirishani, nikakimbia nikidhani amekufa.

Alikuwa amegeuka kuukabili mkondo. Mapezi yake yote yalikuwa wazi, mapana, sikuwahi kuyaona yamefunguka vile. Alisimama ndani ya maji yanayokwenda, kinywa wazi, anatetemeka kidogo. Kisha akalaza bega lake kubwa, akauacha mkondo umchukue, akazunguka ukutani, tangi zima, bila kujikunja hata mara moja. Alipopita mbele yetu mara ya pili aliachia wingu kubwa la mavi. Watu mia mbili wakainama pamoja kulifuata kwa macho. Lilishuka, likagusa sakafu, likaanza kutambaa kwenye mteremko wa Crisóforo, polepole, kuelekea katikati, likafika kwenye kifuniko, na likatoweka. Mafundi walilipuka kama tumefunga goli dakika ya mwisho. Injinia alininyanyua kutoka chini, na mimi si mwepesi.

Nilipopata kugeuka tena kwenye kioo, Tomasa alikuwa ameshapita nyuma ya mwamba tuliomwekea, upande wa mbali. Katika miaka kumi na moja, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutazama majini nisimwone. Nikaketi sakafuni mbele ya dirisha, nikamngoja arudi.